Sifa za Kabrasha

Katika halmashauri za wilaya za Tanzania Bara hakuna mtumishi anayestahili kusifiwa kuliko kabrasha, yaani lile rundo la taarifa za mapato na matumizi, miradi na muhtasari wa kikao kilichopita, ambalo madiwani hukabidhiwa kabla ya Baraza kuketi, pengine usiku wa kuamkia kikao chenyewe. Sheria Na. 7 ya mwaka 1982, iliyorejesha halmashauri hizo baada ya kufutwa mwaka 1972, ililiweka Baraza la wachaguliwa juu ya watendaji, ilhali mkurugenzi, anayeteuliwa na Rais na ambaye madiwani hawana uwezo wa kumwondoa, akawa katibu wa vikao. Katibu huyo ndiye mwandalizi wa kabrasha, naye aandaaye kinachosomwa huwa ameshaamua nusu ya kitakachojadiliwa.

Uhodari wa kabrasha huonekana zaidi kwenye yatokanayo, yaani jedwali linaloeleza maagizo ya kikao kilichopita yamefikia wapi. Diwani aliyeagiza kalavati la kata yake likamilishwe hukuta pameandikwa kwamba utekelezaji unaendelea. Robo ya pili ya mwaka wa fedha unaendelea vizuri. Robo ya tatu taratibu za ununuzi zinakamilishwa. Na mvua za masika zikishaichukua barabara yote, agizo huondolewa kwa adabu kwa kuwa limepitwa na wakati. Mtumishi gani mwingine angejibu swali lilelile mwaka mzima bila kukasirika, bila kudanganya waziwazi, na (jambo la kushukuriwa sana) bila kudai posho ya kikao?

Zaidi ya hayo, kabrasha humkinga mheshimiwa na adha ya kujua. Kurasa mia mbili haziwezi kusomwa kati ya chai na sala ya ufunguzi, hivyo mikono hunyanyuliwa, Baraza huridhia, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anapoibua hoja juu ya fedha zilizokwenda kusikojulikana, watendaji hufungua ukurasa husika na kuonyesha, kwa huzuni ya kweli, kwamba wawakilishi wa wananchi waliidhinisha wenyewe.

Kwa heshima ya mtumishi huyu, waheshimiwa wote wanaombwa wasije kikaoni na kabrasha la robo iliyopita, na hata wakija nalo, wasithubutu kulilinganisha na jipya.