Kipanya Amechoka Kubofywa

Louisville, jimbo la Kentucky. Darasa la jioni la Kiingereza kwa watu wazima, wengi Wakongo na Wakuba. Wanafunzi wamekwenda zao, taa zimezimwa.

KOMPYUTA: Shikamoo, Mzee Ubao. Habari za kustaafu? Ofisi imeshaandika ripoti: kila mwanafunzi na kompyuta yake, kila mmoja na visikilizio vyake masikioni.

UBAO: Marahaba. Mbona nastaafishwa tangu babu yako PLATO alipoanza kazi Chuo Kikuu cha Illinois, mwaka 1960? Kila anayezaliwa kwenu huja na barua ya kunifukuza.

KOMPYUTA: Safari hii ni kweli. Mimi sichoki wala sikasiriki. Leo yule mama wa Uvira kanirudisha kwenye neno moja weee, hata kukunja uso sikukunja.

KIPANYA: Huna uso, bosi. Mimi ndiye niliyekuwa mkononi mwake. Nusu ya somo imeliwa na nenosiri: herufi kubwa, tarakimu, alama ya ajabuajabu. Alipolipata, ukamwambia limepitwa na muda! Kisha "bofya mara mbili". Alinigonga kama anayebisha hodi kwa jirani kiziwi.

UBAO: Na Kiingereza?

KIPANYA: Tufaha. Kaonyeshwa picha, kachagua neno, skrini ikamrushia nyota na maputo. Mama aliyeuza samaki wa Ziwa Tanganyika kwa Kiswahili, Kifuliiru na Kifaransa, leo anapongezwa kwa tufaha! Alipoandika jina lake, bwana mkubwa huyu akalipigia mstari mwekundu.

KOMPYUTA: Halimo kwenye orodha yangu. Lisilomo ni kosa.

UBAO: Kavuka nalo mipaka yote hiyo, kosa akaja kulikuta kwako.

KOMPYUTA: Haya, tuache jina. Akiitwa mbele yako asome, si hutetemeka? Mtu mwenye wajukuu achekwe na vijana? Kwangu anakosea, anafuta, hakuna aliyeona.

UBAO: Hapo sikubishii. Nimewaona waliosimama hapa mara moja, wasirudi tena.

KIPANYA: Lakini hajakosea kwa mdomo, bosi, kakosea kwa kidole. Siku ya usaili wa uraia atasoma sentensi moja kati ya tatu, ataandika moja kati ya tatu. Kuzungumza ni na ofisa, ana kwa ana.

KOMPYUTA: Na hizo sentensi siku hizi zinaandikwa wapi? Kwenye kishikwambi, mpwa wangu!

KIPANYA: Kwa kalamu yake. Vipanya hawatakiwi, nilishauliza. Nilikuwa natafuta uhamisho.

UBAO: Mnakumbuka Jumanne, kompyuta zilipoharibika?

KOMPYUTA: Hatukuharibika. Tulikuwa tunajisasisha.

UBAO: Haya, mlipokuwa mnajisasisha. Zikabaki chache, mwalimu akamkalisha mama na yule mzee wa Kikuba kwenye skrini moja, wajaze fomu ya kuomba kazi. Mama hajui Kihispania, mzee hajui Kiswahili. Wakabishana tarehe ya kuzaliwa inaanza na mwezi au na siku. Mama anapiga meza, mzee anatoa kitambulisho mfukoni kuwa ushahidi, na yote hayo kwa Kiingereza! Kibovu, ndiyo, lakini hakuna aliyenyamaza mpaka kengele.

KOMPYUTA: Kelele zile sina pa kuziandika. Mimi nahesabu mibofyo.

KIPANYA: Na mibofyo ndiyo inayopelekwa kwa wafadhili.

KOMPYUTA: Kwa hiyo mnataka niondoke?

UBAO: Nani kasema uondoke? Wafundishe matamshi, watunzie siri ya makosa yao. Ikifika nusu ya somo, visikilizio viwekwe chini, kiti cha pili kisogezwe. Ila usiwakalishe Wakongo wawili pamoja, watakusengenya kwa Kiswahili mpaka saa ya kwenda nyumbani.

KOMPYUTA: Na ofisi? Ripoti inasema kila mmoja na yake.

KIPANYA: Waambie wanunue nusu ya kompyuta walizopanga. Viti vimejaa stoo.