Besi Moja, Pikapu Mbili

Kosa langu lilikuwa kumpigia mjomba simu nikiwa safarini.

"Shikamoo, mjomba. Nimenunua besi! Ya mwaka 1966!"

"Marahaba. Umenunua nini, mwanangu?"

"Besi! Ina pikapu mbili!"

Hapo mtandao ukakata, maana tulikuwa tunakaribia Namanga, na nilipoupata tena mjomba hakupokea. Nilidhani amelala. Kumbe alikuwa anawapigia ndugu.

Mjomba wangu wa Morogoro aliendesha mabasi ya mikoani miaka thelathini, mpaka macho yalipomkatalia. Masikio nayo yameanza kufuata. Alichosikia ni kwamba mpwa wake, yule ambaye ukoo mzima ulishakata tamaa naye kwa sababu ya kushinda na wanamuziki, ameingia kwenye biashara ya usafirishaji kwa kishindo: basi moja na pikapu mbili juu yake. Mwenye ngeli zake angeshtuka, kwa kuwa nilisema "besi ni ya mwaka 1966", si "basi ni la". Nilipomdai maelezo baadaye alisema ngeli alizisikia vizuri sana. Ila alijua nimekaa Nairobi siku tisa, akaona, basi, mtoto kaharibika.

Kwa faida ya mjomba na wenzake: pikapu ya gitaa haina magurudumu. Ni kisanduku kidogo kinachokaa chini ya nyuzi, ndani kina sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, mtikisiko unageuka umeme, umeme unakwenda kwenye amplifaya, na jirani anakuja kugonga mlango. Leo Fender, Mmarekani aliyeanza kama fundi redio na ambaye mwenyewe hakujua kupiga gitaa, alitoa besi yake ya kwanza, Precision, mwaka 1951. Ilikuwa na pikapu moja. Mwaka 1960 akatoa Jazz Bass, yenye mbili. Kwa hesabu za Morogoro, ningenunua Precision ningekuwa tajiri nusu.

Sasa utaniuliza kwa nini nilifuata besi kuukuu Nairobi wakati Kariakoo zimejaa mpya kwenye maboksi. Ugonjwa huu sina mimi peke yangu. Tuko wanawake watatu wapiga besi ninaofahamiana nao hapa Dar, na tukikutana hatuongelei wanaume wala vitenge, tunaongelea shingo. Shingo ya 62 ilikuwaje, shingo ya 66 ikoje. Siku moja mwanamke wa meza ya jirani alisikiliza dakika tano, akahamisha kiti chake.

Shida ni kwamba kwetu magitaa hayazeeki, yanafia kazini. Enzi za dansi vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi. NUTA Jazz, ya mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz, ya mwaka 1970, ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Mpigaji akihamia bendi nyingine alihama na vidole vyake tu, gitaa lilibaki, na mwenzake alilishika likiwa bado na joto. Chombo cha namna hiyo hakikai kabatini kikisubiri mkusanyaji wa vitu vya kale. Kinapigwa sebene mpaka kinaachia. Ndiyo maana ukitafuta besi ya zamani Dar utapewa hadithi nyingi na mbao chache. Niliwahi kupelekwa Temeke kuona besi ya Höfner "nzima kabisa, haina tatizo". Nikaikuta ukutani, imetobolewa katikati, inaonyesha saa. Saa yenyewe ilikuwa nyuma dakika kumi.

Halafu kuna madukani. Mwanamke akisimama mbele ya magitaa ya besi, muuzaji huangalia kwanza nyuma yake kumtafuta mwenye shida. "Unamchukulia shemeji?" Nimejibu swali hilo kwa namna zote. Niliwahi kusema ndiyo, namchukulia shemeji, na shemeji ana mikono midogo, naomba niishike kwa niaba yake. Tukaelewana vizuri kuliko siku zote.

Ukishawashawishi kwamba besi ni yako, unapewa ushauri: chukua fupi, dada, zile ndefu zitakutesa. Ni kweli zipo fupi na ndefu. Kwenye Fender ya kawaida uzi una inchi 34 kutoka juu ya shingo hadi kwenye daraja, yaani sentimita 86 na ushee. Höfner yenye umbo la fidla ina 30 hivi. Lakini Paul McCartney alinunua Höfner fupi Hamburg mwaka 1961, akaipiga mbele ya dunia nzima, na sijasikia aliyemwambia kwamba amechukua ya kike. Tina Weymouth wa bendi ya Talking Heads naye amezipiga fupi na kutikisa kumbi. Kwa upande mwingine, Suzi Quatro wa Detroit, mwanamke asiye na urefu wa kutisha, alipewa na baba yake Precision ya mwaka 1957 akiwa kigoli, akaenda nayo hadi kileleni. Kinachotesa si urefu, ni uzito. Besi kuukuu inaweza kufika kilo nne na nusu, sawasawa na mtoto mchanga mwenye afya, tofauti ni kwamba mtoto hupokewa na mashangazi. Mimi hukunja kanga mara nne nikaiweka begani chini ya mkanda. Nyimbo nne za kwanza mambo huwa mazuri.

Mtakatifu wetu sisi watatu ni Carol Kaye. Mwaka 1963 alikuwa mpiga gitaa la kawaida studioni Hollywood. Siku moja mpiga besi hakutokea kazini, wakampa yeye ashike. Alishika. Akaja kurekodi maelfu ya vipindi, na ule mdundo wa Mission: Impossible uliowahi kukufanya utembee kwa kunyata jikoni usiku, besi yake ni ya huyo mama. Nampenda pia kwa sababu hakuabudu mbao. Gitaa kwake lilikuwa jembe: alibana kipande cha kitambaa kizito kwenye nyuzi zisivume ovyo, akapiga, akaenda nyumbani kwa watoto. Ningemwiga katika hilo, ningekuwa na akiba benki.

Turudi Nairobi. Muuzaji alikuwa mstaafu anayefunga virago kurudi kwao Ulaya. Besi ilikuwa Jazz Bass, rangi yake ya machweo, nyeusi pembeni na njano iliyoiva katikati, vanishi imejaa nyufa nyembamba kama chungu cha bibi. Nilikuwa nimejiandaa. Nilijua kwamba tarehe ya kuzaliwa imegongwa kwa muhuri kwenye kisigino cha shingo, mahali usipopaona mpaka ufungue skrubu nne. Nilibeba na bisibisi kwenye mkoba. Lakini jamani, umekaribishwa chai, umeletewa na keki, utaanzaje kumkata shingo mzee wa watu sebuleni kwa mwenye nyumba? Nikaridhika na namba iliyoandikwa kwenye kibamba cha chuma cha nyuma, kama mtu anayenunua gari kwa kusoma namba ya usajili. Kisha nikachomeka waya, nikagusa uzi wa nne, glasi kabatini zikaitikia, na kila nilichokijua kikatoka kichwani. Nililipa bei ya bodaboda mbili mpya. Jazz Bass ya 1966 isiyoguswa ni bei ya gari, na si gari bovu. Hapo ndipo akili ingepaswa kupiga honi.

Kwenye basi nilikataa isiwekwe kwenye buti, ikabidi niilipie siti. Kondakta aliipapasa ndani ya mfuko wake, akauliza kama ni mtoto, apunguze. Nikasema hapana, ni mtu mzima, kazaliwa 1966. Akaandika tiketi bila kucheka. Usiku mzima nililala nimeiegemea, na abiria wa nyuma walidhani tumegombana tukapatana.

Siku ya tatu, saa kumi na mbili asubuhi, mjomba alibisha hodi kwetu Magomeni. Hakuja peke yake. Alikuja na kijana mmoja mrefu, mpole, aliyeshika bahasha ya kaki yenye leseni ya udereva daraja C na barua ya mwenyekiti wa mtaa.

"Limeegeshwa wapi?" mjomba aliuliza kabla ya chai.

Nikaitoa kwenye mfuko. Mjomba aliitazama muda mrefu, juu mpaka chini. Akauliza pikapu ziko wapi, nikamwonyesha. Akamgeukia yule kijana, akamwambia kwa sauti ya chini, "Kunywa chai, mwanangu, nauli ya kurudi ninayo."

Aibu ile ndiyo iliyonituma kwa fundi mchana uleule, nikitaka angalau niwe na besi ya kweli. Fundi wangu ni wa redio na amplifaya, ana miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba, na hana mambo ya chai na keki. Akafungua shingo. Muhuri ulikuwepo: tarakimu, mwezi, 66, na herufi B ya upana wa shingo. Nikapiga vigelegele. Akasema subiri. Akafungua kibamba cha vitufe na kusoma mgongoni mwa zile volyum. Zina namba pia: tatu za kwanza ni za kiwanda, zinazofuata ni mwaka, za mwisho ni wiki. Zetu zilianza na 137, ambayo ni CTS, zikafuata 76. Ningeielewa ingekuwa kinyume chake, maana Fender walinunua mzigo mkubwa wa volyum mwaka 1966 wakautumia hadi mwishoni mwa muongo, na gitaa la 69 lenye volyum za 66 ni jambo la kawaida. Lakini gitaa la 66 haliwezi kuzaliwa na volyum za miaka kumi baadaye. Pikapu ya nyuma ilionekana ya asili. Ya mbele fundi aliigeuza, akaona imebandikwa lebo ya nchi nyingine kabisa.

"Dada," akasema, "hii ni daladala."

Hakuwa na maana mbaya. Injini ya hili, milango ya lile, na jioni linafika Mbagala. Ikafungwa, ikalia vilevile kama siku ya keki.

Nikajifariji kwamba walau mbao na rangi ni vya zamani. Mwili ni wa asili, rangi ni ya asili, kila mchubuko ni wa asili. Katika dunia ya wakusanyaji wa magitaa hilo ni jambo zito: wauzaji hukata karibu nusu ya thamani kwa gitaa lililopakwa rangi upya. Nilimweleza mama yote hayo. Lakini nadhani nilimweleza siku mbaya, siku aliyokuta nyuzi zangu zinachemka kwenye sufuria yake ya pilau. Nyuzi za besi ni ghali, na ukizichemsha zinaachia jasho na mafuta ya vidole, zinarudi kung'ara wiki moja au mbili. Mama alifunua mfuniko akitegemea tambi. Hakusema kitu, na ningejua kwamba mama asiposema kitu kuna jambo.

Nikaenda Bagamoyo kupiga harusini kwa besi ya kuazima, yangu nikaiacha ipumzike. Niliporudi niliikuta sebuleni imeegemezwa kwenye kabati la vyombo. Sikuiona kwanza. Ilifanana na kabati. Rangi ileile ya kahawia iliyokolea, mng'aro uleule wa kujiona meno.

"Nimekutengenezea," mama akasema. "Kitu kimechubuka namna ile, watu wakikuona nacho ukumbini si watasema sikukulea?"

Alikuwa amempa seremala wa mtaani. Msasa mkavu, kisha msasa laini, kisha vanishi mikono mitatu. Shilingi elfu ishirini na soda. Na seremala yule si mjinga hata kidogo. Alimwambia mama asiuguse ubao mweusi wa mbele ya shingo, kwa sababu una undugu na mpingo. Ni kweli, vyote ni jamii ya Dalbergia. Kwa hiyo shingo imepona. Volyum zote alizirudisha mahali pake, isipokuwa kitufe kimoja ambacho sasa ni cha droo.

Nikashukuru, nifanyeje. Jumamosi nikaenda nayo kazini, mama amekaa meza ya mbele, na kila aliyepita alionyeshwa kidole besi iliyong'arishwa na nani. Fundi wa mitambo alisema haijawahi kulia vizuri hivi. Mjomba naye alikuja. Alisikiliza sebene lote, mikono imeshika usukani usiokuwepo, na wakati wa mapumziko akaniuliza kwa upole kama ile pikapu ya mbele, ile mbovu, nimeshaipatia nyingine.

Bado. Kwa hiyo msomaji, ukijua ilipo pikapu ya mbele ya Jazz Bass ya mwaka 1966, nitafute kabla mjomba hajasikia. Yule kijana wa leseni bado yuko hapa, anakula kwetu, na mama ameshaanza kumwita dereva.