Bandari ya Mgongoni

Suruali yangu inapepea juu ya turubai la boti kama bendera ya nchi iliyoshindwa vita, na mimi mwenyewe nimekaa juu ya gunia la dagaa nimejifunga kanga ya mama mkwe. Si ya mke wangu. Za mke wangu zimo sandukuni, na sanduku limejaa Ziwa Tanganyika. Hii ya mama mkwe ni kavu kwa sababu mwenyewe alifika botini mkavu, na imeandikwa kwa herufi zinazosomeka toka omo hadi tezi: MTAKA CHA UVUNGUNI SHARTI AINAME. Nimejaribu kuizungusha ili maneno yakae mbele. Mbele ni vibaya zaidi.

Yote yalianzia kwenye simu. Tumealikwa harusi Kigoma, na basi la kutoka Mpanda kupitia Uvinza lingetufikisha bila mtu kulowa hata kisigino. Lakini jioni ile mke wangu alikuwa anatazama meli nyeupe, ndefu kama mtaa, yenye bwawa la kuogelea juu yake, yaani maji juu ya chombo kilicho juu ya maji, ikikata bahari ya Mediterania. "Baba Neema," akasema bila kuinua macho, "wenzetu huku wanaulizana waanzie Barcelona au Roma. Sisi tunaanzia stendi."

Maneno kama hayo mwanamume hayajibu kwa mdomo. Nilingoja alale, nikachukua ile simu, nikaanza kusoma.

Nikuambie ukweli, ni elimu tamu. Barcelona meli inafunga karibu na mji, unashuka kwenye teksi unapanda ngazi. Roma ni hadithi nyingine. Anayeandikiwa "safari inaanzia Roma" anapelekwa Civitavecchia, zaidi ya kilomita 70 kutoka mjini, kwenye bandari aliyoijenga kaisari Trajan karibu miaka 2,000 iliyopita, na kwa miaka yote hiyo bahari haijawahi kusogea Roma hata hatua moja. Venice nako, tangu Agosti 2021 meli kubwa zimekatazwa kupita mbele ya mji, kwa hiyo mtu aliyelipia Venice anaweza kujikuta anapandishwa basi kwenda kupandia kwingine. Kisha kuna jambo lililoninyima usingizi kabisa: baadhi ya meli zile zinazunguka kama daladala. Huyu kapandia Barcelona, yule Marseille, mwingine Genoa, na kila mmoja atashuka pale alipopandia baada ya duara zima. Maana yake kila asubuhi kuna mtu anayekula chakula cha kwanza cha safari akiwa meza moja na mtu anayekula cha mwisho. Mwanzo wa safari hauko baharini wala bandarini, uko kwenye tikiti ya mtu. Asiyetaka duara anaanzia Barcelona na kumalizia Piraeus, bandari ya Athens, lakini huyo ajue nauli yake ya ndege ina miji miwili.

Saa saba usiku nikamwamsha mke wangu nimwambie kwamba Mpanda ni Roma.

"Umekula nini?" akauliza.

Lakini ndivyo ilivyo. Mpanda ina reli, ina soko, ina mkuu wa mkoa, haina tone la ziwa. Bandari zake ziko magharibi, zaidi ya kilomita 100 za vumbi: Karema na Ikola. Nikatangaza kwamba mwaka huu harusini tutakwenda kwa maji, kama wenzetu, na kwamba kazi ya kuchagua pa kuanzia niachiwe mimi.

Ukweli ambao sikuutangaza ni kwamba hakukuwa na kazi. Boti tulilolipata lilikuwa linapakia Ikola. Karema kuna bandari mpya ya zege, ilikamilika 2022 kwa gharama inayokaribia shilingi bilioni 48, na mtu mwenye akili angeuliza kwa nini tusipandie penye gati. Mke wangu ana akili, akauliza. Nami, badala ya kukiri kwamba boti ndilo lililotuchagua sisi, nikatoa hotuba ndani ya gari kutoka Mpanda mpaka ziwani.

Niliwaambia abiria wote habari za Kapteni Cambier. Huyu alikuwa Mbelgiji, akafika 1879 kutafuta mahali pa kujenga kituo cha mfalme wake kwenye mwambao huu, akapita, akapima, akachagua Karema. Akajenga ngome juu ya kilima, ziwa liko chini hapo. Asichokijua ni kwamba ziwa lilikuwa limejaa kuliko kawaida. Maji ya Tanganyika yanatoka kwa mlango mmoja tu, Mto Lukuga, ng'ambo ya Kongo pale Kalemie, na mlango ule ulikuwa umezibwa na mchanga na majani kwa miaka. Ukazibuka wakati uleule. Ziwa likashuka, likarudi nyuma, na ngome ya kapteni ikabaki inatazama tope. Mwaka 1885 Wabelgiji wakaikabidhi kwa Mapadri Weupe, ambao kazi yao haikuhitaji sana gati.

"Kwa hiyo," nikahitimisha, "Karema ni mahali ambapo ziwa linamkimbia mtu."

Mzee mmoja wa kiti cha nyuma akasema Karema imemlea Adrian Atiman, na huyo hakukimbiwa na kitu. Ni kweli. Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na mapadri, akasomea uganga kisiwani Malta, katikati ya Mediterania hiyohiyo ya mke wangu. Alifika Karema 1889 akatibu watu mpaka alipofariki 1956. Kwa hiyo mwambao wetu tayari una mtu aliyetoka bahari ile akaja huku, na hakuna maandiko yanayosema alijuta. Nikanyamaza kilomita mbili.

Sasa Ikola. Acha nieleze kupanda boti kunavyokwenda, kwa sababu somo hilo nimelielewa vizuri kuanzia saa nane mchana wa leo.

Boti lililopakia halisogei ufukweni. Gunia baada ya gunia linazidi kudidimia, na likigusa mchanga wimbi moja linaweza kulipigiza hapo hadi mbao zikaachana. Miezi hii ya kusi ndiyo mibaya: ziwa lina urefu wa kilomita zipatazo 670, na upepo unalipuliza kwa urefu wake kama mtu anayepuliza filimbi, kwa hiyo wimbi linalofika Ikola limepata nafasi ya kutosha ya kukomaa. Nahodha anatia nanga pale maji yanapomfika mtu mapajani, anashikilia kwa upondo, na kila kitu kinachoingia kinabebwa. Kwanza mizigo, kwa sababu mizigo haibishani. Kisha watu.

Watu wanabebwa kwa namna tatu. Kuna kubebwa mgongoni kama mtoto. Kuna kukaa begani, ambako ni kwa wembamba na wenye imani. Na kuna kiti cha mikono, vijana wawili wanashikana viganja, abiria anakaa katikati kama sultani. Bei inapatanwa nchi kavu, kamwe isipatanwe majini, maana majini mwenye miguu ndiye mwenye neno. Abiria mwenye uzoefu anakumbatia shingo, anabana magoti, hatazami chini na haongei. Wanawake wa Ikola wengi hawalipi kabisa. Wanasubiri wimbi lipite, wanapandisha kanga, wanatembea. Mama mkwe, ambaye umri wake siutaji kwa heshima, alivuka hivyo na ndoo ya migebuka kichwani, akashika ukingo wa boti, akapanda, akaketi, akageuza uso kutazama kundi la mwisho likivuka. Katika kundi la mwisho nilikuwemo mimi.

Kijana mmoja wa wabebaji alinitazama kuanzia viatuni hadi kichwani, akanizunguka mara moja kama mnunuzi mnadani.

"Mzee," akasema kwa adabu, "wewe ni watu wawili."

Nilikataa. Nilimwambia mimi ni mtu mmoja na nina kitambulisho. Akasema kitambulisho hakibebwi, kinachobebwa ni hiki, akanionyesha mimi. Wenzake wakakubaliana naye. Mke wangu, aliyekwisha kukaa kwenye kiti chake cha mikono, alipita mbele yangu akielea, mkavu kama mhogo wa kuanika, akaniambia, "Lipa ya watu wawili, baba Neema, boti linaondoka." Nikakubali, nikasema nitalipa tukifika. Nikapanda mgongoni. Sanduku la magurudumu, ambalo tangu garini lilikuwa limelima mchanga wa Ikola bila gurudumu hata moja kuzunguka, nikalikumbatia kwa mkono mmoja.

Hatua ishirini za kwanza zilikuwa za fahari. Nakumbuka nilifikiria Barcelona.

Kisha wimbi likaja, na mkono uliokuwa shingoni ukatafuta pa kushika ukapata uso. Nilimziba macho yote mawili. "Mzee, sioni!" akapiga kelele. Nami nikamjibu, Mungu anisamehe, "Nenda tu!" Akaenda. Chini ya boti propela zinachimba mashimo mchangani, kila mbebaji anayajua yalipo, lakini anayajua kwa macho. Tukaingia shimoni pamoja, yeye, mimi na sanduku, na mtu aliyekuwa watu wawili akazama kama watu watatu.

Nilipoibuka, kiatu cha kushoto kilikuwa kinaelekea Kongo. Watoto ufukweni walikuwa wanaruka na kuimba, "Meli imezama! Meli imezama!"

Hata meli ya huku iliyozamishwa ilizamishwa kwa heshima zaidi. Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikaja kwa makasha yapatayo 5,000 mpaka Kigoma, ikaunganishwa na kushushwa majini Februari 1915. Mwaka uliofuata, Julai, Wajerumani wakikimbia, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi, lakini kwanza wakazipaka injini grisi, ili siku moja atakayeiopoa aikute nzima. Na kweli, Waingereza wakaiopoa 1924 na kuirudisha kazini 1927. Mimi hakuna aliyenipaka grisi. Simu yangu ilikuwa mfukoni mwa shati.

Na Liemba hiyohiyo ilikuwa inasimama hapa. Watu wa Ikola watakusimulia: usiku wa manane honi inalia gizani, mwambao mzima unaamka, mitumbwi inakimbilia taa zake, watu na magunia ya dagaa wanaingizwa kwa milango ya ubavuni. Haikuwa starehe, lakini ilikuwa meli, ya chuma, yenye paa na choo. Kisha ikaenda Kigoma kutengenezwa, miaka ikapita. Gati likangoja meli, meli ikangoja fundi, sisi tunangoja mgongo wa kijana. Nilipokuwa nakamua shati, nilimwona mama mjamzito akiletwa kwenye kiti cha mikono, mumewe pembeni ameshika kadi ya kliniki juu ya kichwa isilowe. Yeye hakuwa ametazama picha za Barcelona. Alikuwa anakwenda hospitali. Vijana walimvusha polepole, kwa hatua za mtu anayebeba mayai, na hakuna aliyetaja bei. Zaidi ya miaka 110 tangu yale makasha yafike Kigoma, na mgonjwa wa mwambao huu bado anaikabidhi roho yake kwa viganja vya watoto wa watu. Nahodha yeyote akiota ndoto mbaya kuhusu hilo simshangai; ningependa kujua ni ofisi gani nayo inaiota ndoto hiyo.

Yaliyobaki ya mchana ni madogo. Maboya yapo, matatu, nahodha ameyafanya mto. Injini imezimika mara mbili. Niliyemtapikia ni ndugu wa bwana harusi. Milima ya Mahale, ambako wageni wanalipa dola nyingi kwenda kuwatazama sokwe, itapita upande wetu wa kulia usiku wa manane, bure, na hatutaiona.

Mke wangu amelala. Kabla hajalala aliniuliza kama kurudi pia nitachagua mimi.

Giza lilipoingia nilimwita yule kijana, maana kumbe ni utingo wa boti hilihili, nimlipe deni lake. Sikutaka mtu aseme baba Neema amekula jasho la mtoto. Nikamnyooshea noti mbili zilizolowa. Akazikataa.

"Bibi ameshalipa, mzee."

"Amelipa lini?"

"Kabla hujapanda mgongoni." Akasita kidogo, akatazama upande wa mama mkwe, ambaye alikuwa amefumba macho lakini hakuwa amelala. "Alilipa ya watu wawili, na ya kukuopoa."