Laptopu Isiyolala

Kila niwashapo laptopu yangu, kabla nembo ya Ubuntu haijatokea, hushuka mistari myeupe kwenye giza: ACPI BIOS Error, na mwishoni AE_NOT_FOUND. Jirani yangu wa ploti alipoiona alishika kifua. "Kijana, hiyo mashine ilitoka wapi?" Nikamwambia ni mtumba wa Uingereza. "Ndiyo maana," akasema, na bila shaka jioni hiyo nikaingizwa kwenye maombi.

Fundi wangu wa Githurai hasali. "Buda, toa hiyo kitu nikuwekee Windows." Kwake hiyo ni dawa ya kila maradhi, hata bawaba ikivunjika.

Kumbe mistari yenyewe haina neno. ACPI ni utaratibu uliotolewa mwaka 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba, ili mfumo endeshi uweze kuiuliza mashine habari za betri, joto na usingizi. Mtengenezaji huandika majedwali ndani ya firmweya, yaani programu ya msingi ya mashine yenyewe. Jedwali likitaja kitu ambacho hakimo, Linux hupiga kelele, kama mwalimu aliyeita jina la mtoto ambaye hakusajiliwa, kisha masomo yanaendelea.

Balaa lilikuwa usingizi. Naifunga laptopu, naitia begini, napanda matatu hapa Mwiki (hii ya Ruiru, si ile ya Kasarani). Hatujafika Githurai, paja linaungua. Abiria wa pembeni akaliangalia begi, akameza mate: "Umebeba chapo?" Feni ikamjibu kwa kuvuma.

Jibu lilikuwa kwenye faili /sys/power/mem_sleep. Mna maneno mawili, s2idle na deep, na mabano yamelizunguka la kwanza: yaani mashine inasinzia tu, haizimi vitu vyake sawasawa. Nikaongeza mem_sleep_default=deep kwenye mipangilio ya GRUB, nikaendesha sudo update-grub, nikaiwasha upya. Ikalala fofofo. Ikakataa kuamka. Skrini nyeusi ti, taa ya kibodi inanikodolea.

Ikabaki kusasisha firmweya. Programu ya fwupd ikatoa masharti: chaja iwe imechomekwa, na betri iwe na chaji ya kutosha. Masharti mepesi hayo kwa mtu wa Helsinki. Huku kwetu wingu likitanda tu upande wa Mwihoko, stima imeenda. Iliporudi, tokeni zangu zikaisha. Nikabisha kwa jirani, waya mkononi, naye akaniachia soketi ya jikoni, kando ya sufuria ya githeri. Kazi ikaisha githeri haijaiva. Sasa laptopu inalala na kuamka kama watu, na sifa zote amechukua mama wa maombi.

Nawe ukitaka kusasisha firmweya upande huu wetu, jaza betri na ununue tokeni kabla hujagusa chochote. Mashine ikizimika katikati ya shughuli hiyo inaweza isiwake tena, na hapo hata Windows ya fundi haina pa kuingilia.