Jinsi ya Kununua Darubini Isiyokuonyesha Kitu: Mwongozo kwa Mkazi wa Kitengela

Usichague darubini, chagua sanduku. Tafuta lenye picha ya Zohali na pete zake za dhahabu, wingu la zambarau likielea nyuma yake, na juu ya vyote hivyo, kwa herufi nene: 525x. Hiyo namba si uongo mtupu. Bomba lina urefu wa kulenga wa milimita 700. Gawanya kwa lenzi ya jicho ya milimita 4, kisha zidisha kwa tatu kwa sababu ya kile kipande cha kukuzia walichokutilia ndani kama zawadi. Inatoka 525 kamili. Kilichoandikwa kwa herufi ndogo ni kwamba lenzi ya mbele ina upana wa milimita 60, na lenzi huvumilia kukuza takriban mara mbili ya milimita zake. Mwisho wake basi ni 120, tena hewa ikiwa imetulia. Ukipita hapo unakuza ukungu. Galileo aliiona miezi minne ya Mshtarii Januari 1610 kwa chombo kilichokuza mara 20 hivi, ila yeye hakupata zawadi ndani ya sanduku.

Mtu mwenye nia mbaya atakwambia kwamba kinachonunuliwa ni upana, na kwamba kioo cha milimita 150 hukusanya mwanga zaidi ya mara sita ya lenzi ya 60. Usimsikilize. Upana haupendezi kwenye picha ya status.

Sasa tuje kwenye stendi, maana hapa ndipo penye uhondo. Sisitiza upewe stendi ya ikweta, ile yenye jiwe la kusawazisha uzito na magurudumu madogo yenye tarakimu. Kwani wewe huishi karibu na ikweta? Ilibuniwa na Joseph Fraunhofer kule Munich, karibu miaka 200 iliyopita, na ni kazi ya akili nyingi: mhimili mmoja unaelekezwa kwenye ncha ya anga, halafu ukizungusha kitufe kimoja tu, bomba linaifuata nyota usiku kucha. Munich iko nyuzi 48 kaskazini, kwa hiyo ncha hiyo iko juu sana na ina Nyota ya Kaskazini ya kukuonyesha njia. Kitengela iko nyuzi moja na nusu kusini. Nyota ya Kaskazini iko chini ya upeo wa macho, mahali fulani nyuma ya Thika. Ncha ya kusini imechomoza nyuzi moja na nusu tu juu ya nyasi, upande wa Namanga, na nyota iliyo karibu nayo ni hafifu kiasi kwamba hata gizani utabishana na mwenzako kama ipo.

Kijitabu kitakuamuru uinamishe mhimili ulingane na latitudo yako, yaani ulale karibu sawasawa na ardhi. Stendi nyingi za bei ya chini hugoma zikifika nyuzi 20 hivi. Ukiilazimisha, jiwe la uzito linagonga mguu wa stendi, na bomba linabaki likitazama ukuta wa jirani.

Halafu kuna upepo. Kule Kipeto, humuhumu Kajiado, wamesimamisha mitambo ya upepo yenye uwezo wa megawati 100, na hakuna mwekezaji anayepeleka mitambo mahali ambapo upepo umelala. Wewe peleka tripodi ya alumini, ile yenye miguu ya mwanambuzi aliyezaliwa leo. Ukikuza mara 525, nyota inavuka kioo chako na kutoweka kabla ya nusu dakika kwisha, kwa sababu dunia inazunguka. Ukigusa bomba ili uifuate, picha yote inatetemeka. Ukisubiri itulie, nyota imeshaondoka. Hivyo ndivyo watu wazima hufikia hatua ya kulala saa tatu usiku.

Usikubali kamwe kuuziwa lile boksi la mbao linalokaa chini. Ni mtindo wa John Dobson, mtawa wa San Francisco aliyekuwa akichonga vioo kutokana na vioo vya madirisha ya meli, akaviweka ndani ya mabomba ya karatasi ngumu, na mabomba akayakalisha juu ya plaiwudi. Mwaka 1967 walimfukuza utawani, akaendelea kuwaonyesha wapita njia Mwezi barabarani. Boksi lake halina jiwe wala tarakimu. Linasukumwa kwa mkono, juu na chini, kushoto na kulia, na halijali uko nyuzi ngapi. Hapa kwetu nyota za mashariki hupanda wima, kwa hiyo unanyanyua tu. Kasoro yake ni utosini, ambako boksi hukataa kugeuka kwa urahisi, na bahati mbaya sayari zetu hupita karibu na hapo. Subiri saa moja zishuke. Fundi yeyote wa makabati pale Kitengela anaweza kuliunda upya likivunjika, na hiyo ni aibu kwa kifaa cha kisayansi.

Kuhusu Jua naacha mzaha. Ukikuta ndani ya sanduku kijichujio cheusi cha kufungia kwenye lenzi ya jicho, kitupe leo, kabla mtoto hajakiona. Kinapashwa moto na mwanga uliokusanywa, kinapasuka, na jicho linaungua bila kuhisi maumivu. Nchini Kenya tarehe 2 Agosti 2027 Jua litapatwa kwa sehemu tu, na watu watakuwa wakitafuta vitu kama hivyo. Chujio salama hufunika mdomo wa mbele wa darubini, au hutazami kabisa.

Tuendelee. Wakati bora wa kuanza ni Julai, maana ndipo kitovu cha Njia ya Maziwa kinapopita juu ya vichwa, na ndipo pia mawingu ya baridi hukaa wiki nzima bila kubanduka. Januari na Februari anga huwa safi. Epuka miezi hiyo. Mahali bora ni uani kwako, chini ya mulika mwizi, vumbi la saruji la Athi River likipita. Soja atakuja kwanza.

"Mkubwa, hiyo ni ya nini?"

"Ya kuangalia nyota."

"Na mbona inaangalia kwa Mama Brayo?"

Kesho yake mzee wa Nyumba Kumi atapita kukujulia hali.

Kwa walioshindwa na uani kuna barabara: Isinya, Kajiado mjini, au ng'ambo ile ya Magadi kupitia Olorgesailie, ambako giza bado ni giza. Funga bomba kwenye boda boda ili vioo vilegee njiani. Usimwombe ruhusa mwenye ardhi, wala usimuulize kuhusu wanyama. Upande wa kusini wa mbuga ya Nairobi haukuwekewa ua, na Juni 2012 simba sita waliovamia mifugo waliuawa huku huku Kitengela. Ukikutana na mzee wa Kimaasai, mweleze lile kundi la nyota la Kilimia ni nini. Watu wake wamekuwa wakikitazama kujua mvua tangu kabla ya lenzi kufika Afrika Mashariki, lakini yeye ana adabu, atakusikiliza hadi mwisho.

Asiyetaka haya yote hununua darubini ya macho mawili ya 10x50, ile ya kutazamia wanyama, akalala chali kwenye mkeka, akahesabu nyota za Kilimia na kuiona miezi ya Mshtarii akiegemeza viwiko. Huyo hana la kusimulia.

Au anasubiri. Kila mwaka ikifika Februari, karo ikishalipwa, matangazo hutokea: darubini 525x, imetumika mara mbili tu, sanduku lipo. Nenda ukaione mchana. Ipige kidole kidogo huku ukitazama mlingoti wa mbali. Picha ikiendelea kutikisika baada ya sekunde tatu, mrudishie mwenyewe. Kisha muulize kama anajua mtu anayeuza lile boksi la mbao.