Namna ya Kupiga Picha za Nyota Ukiwa Kitandani Kitale

Huna darubini? Afadhali. Ungekuwa nayo, mvua ya Trans Nzoia ingekunyima anga tangu Machi hadi Oktoba, na Desemba baridi ya usiku ingekurudisha ndani. Unataka sifa za mnajimu bila kukesha. Karibu, ndugu yangu, njia ipo.

1. Tumia darubini ya wenyewe. Jangwani Arizona, Marekani, kituo cha Harvard na Smithsonian kina darubini ndogo zinazojiendesha, MicroObservatory. Ni bure. Chagua kitu kwenye orodha, andika baruapepe yako, kalale. Kesho au keshokutwa, kule kukiwa hakuna mawingu, picha itaingia kwenye simu.

2. Chagua kinachopendeza. Anza na Mwezi, haumwangushi mtu. Kisha nebula ya Orion, wingu la gesi linalozaa nyota, umbali wa miaka nuru 1,300 hivi. Galaksi ya Andromeda iweke akiba. Ukiwaambia watu kwamba mwanga ule ulianza safari miaka milioni 2.5 iliyopita, hata mkorofi wa darasa atanyamaza.

3. Tia rangi bila haya. Picha huja nyeusi na nyeupe. Agiza kitu kilekile mara tatu, kwa kichujio chekundu, cha kijani na cha buluu, kisha ziunganishe kwa programu. Picha za Hubble, darubini ya angani, nazo hutiwa rangi kwa kuunganisha picha za vichujio, kwa hiyo hapa hudanganyi mtu.

4. Sasa sifa. Zichapishe picha kwenye karatasi, maana umeme hupotea projekta ikiwa katikati ya hadithi, uzipeleke shule moja ya Bungoma. Andika jina lako chini kwa herufi kubwa. Andika na Arizona. Anayesema darubini iko shambani kwake ataombwa aionyeshe. Anayesema aliiamuru ya Marekani kutoka Kitale atapigiwa makofi na walimu wenyewe.

5. Kazi iliyobaki wape watoto, na hili ulitilie maanani kuliko yote. Mpe mtoto simu achague mwenyewe, abonyeze mwenyewe. Picha yako ataitazama dakika moja. Yake ataiulizia kila asubuhi mpaka ifike. Ukiulizwa swali gumu, agizeni picha nyingine mtafute jibu pamoja.

Wape na zoezi la nyumbani. Desemba wakitafute Kilimia, kile kikundi cha nyota, kwa macho matupu. Mei, mawingu yakiachia, wautafute Msalaba wa Kusini, ambao darubini ile ya Arizona haiupati kwa sababu iko kaskazini mno. Bungoma iko karibu na ikweta, huona pande zote mbili.

Wakianza kudai darubini ya kushika kwa mikono, na watadai, waandikie The Travelling Telescope ya Susan Murabana, wanaozunguka na darubini katika shule za Kenya. Barua waiandike watoto.