Betri Moja, Wenyewe Wengi

Betri ya kwanza ya sola nyumbani kwetu haikumaliza mwaka. Tunakaa kitongojini, wilaya ya Pangani; nguzo za umeme zimefika kijijini zikaishia kwenye zahanati, na sisi wa huku kwenye minazi jua ndilo umeme wetu. Baba watoto aliuza nazi, akaenda Tanga mjini, akarudi na paneli ya wati 120, kontrola, taa nne na betri nyeusi iliyobebwa na watu wawili. Dukani alihakikishiwa kwamba hiyo ni betri ya sola. Ilikuwa betri ya lori.

Kwa nje huwezi kuzitofautisha kirahisi, ndiyo maana watu wengi wanaumizwa. Betri ya gari ina mabamba ya risasi membamba, mengi, ili itoe umeme mkubwa kwa sekunde chache, injini iwake, kisha ijazwe palepale gari likitembea. Betri ya sola ina mabamba manene, ya kutoa umeme kidogo kidogo usiku kucha na kuvumilia kushuka na kupanda kila siku. Ile ya lori tuliikamua kila usiku, mabamba yakamomonyoka, na vuli ilipofika taa zilizima kabla hatujarudi kuswali isha.

Ya pili ilinunuliwa kwa mchango. Ilikuwa ya sola yenyewe, ya maji, ampea-saa 100. Wifi alitoa, shemeji alitoa, mama mkwe aliuza mbuzi. Hapo ndipo kisa kilipoanzia, maana kila aliyechangia alijiona ana haki nayo. Wifi akafungua biashara ya kuchaji simu barazani. Shemeji akataka mpira wa televisheni. Mama mkwe alitaka redio na taa ya ukumbini mpaka alfajiri, na betri yenyewe ikawekwa chumbani kwake, chini ya kitanda, ndiko kwenye usalama dhidi ya wezi.

Kontrola ilikuwa ikitulinda. Betri ikishuka karibu na volti 11, inakata. Ikakata usiku wa mechi ya Simba na Yanga, baraza limejaa watu mpaka uani. Shemeji hakuvumilia. Kesho yake alileta inveta, ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nguzo, nyaya akazifunga moja kwa moja kwenye vichwa vya betri bila kupitia kontrola.

"Sasa shemeji, haikati tena," aliniambia kwa furaha.

Haikukata kweli. Tuliangalia mpira mpaka mwisho, na betri ikawa inanyonywa mpaka tone la mwisho kila siku.

Mimi ndiye mwenye daftari la nyumba, nikakaa nikapiga hesabu. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 ikijaa, lakini ukitaka idumu usile zaidi ya nusu, yaani 600. Taa nne za wati 5 kwa saa tano ni 100. Televisheni ya wati 40 kwa saa nne ni 160. Simu kumi za wateja wa wifi, karibu 150. Hadi hapo tungeweza kuishi. Inveta ndiyo iliyonishtua: ikiwashwa tu, hata bila kuchomekwa kitu, ilikuwa ikila kama wati 10, na shemeji alikuwa haizimi. Saa 24 ni wati-saa 240 zinazokwenda bure. Na paneli yetu siku ya jua zuri inaingiza wati-saa 400 na ushei tu. Tulikuwa tunatoa zaidi kuliko tunavyoweka, hata kabla ya mawingu.

Masika yakaingia. Redio ya mama mkwe ikawa inakatika katikati ya taarifa ya habari. Wifi akasema ni televisheni, shemeji akasema ni simu za watu, baba watoto akapanda juu ya paa kufuta paneli. Watu wakanuniana mpaka kwenye sinia la wali. Siku moja shemeji akaja na chupa ya asidi, amesikia sokoni kuwa betri iliyochoka huongezwa asidi.

Mama mkwe akamzuia mlangoni. "Hamwagi mtu kitu humo kabla hajaja mzee wa mkonge."

Mzee huyo alifanya kazi miaka mingi kwenye gereji ya shamba la mkonge, betri za matrekta zote zilipita mikononi mwake. Alipoingia chumbani, kabla hata hajaigusa betri, alisimama akakitazama chetezo.

"Mama, ubani unafukiza humu humu?"

"Kila usiku wa kuamkia Ijumaa, baba."

Akaitoa betri mwenyewe, taratibu, mpaka ukumbi wa nyuma penye upepo. Akatueleza kwamba betri ya maji ikikaribia kujaa inatoa hewa ya haidrojeni, na hewa hiyo inalipuka kwa cheche moja tu. Mkaa wa chetezo ulikuwa hatua mbili kutoka hapo. Mama mkwe alikaa kimya kitambo, akasema Alhamdulillahi. Mimi bado nikikumbuka moyo unanienda mbio, maana wajukuu wake wanalala kitanda kile.

Mzee akavaa glavu, akafungua vifuniko sita. Maji yalikuwa yameshuka, ncha za mabamba ziko wazi. Akachukua kipimo chake cha kioo, akavuta maji ya kila seli kupima uzito wake. Betri iliyojaa husoma kama 1.265, seli zetu zilisoma 1.180 au chini yake, na seli ya mwisho ilikuwa hoi zaidi.

Nikamuuliza kuhusu ile chupa ya asidi.

"Asidi haipotei, bibie, ila ikimwagika. Kinachopungua ni maji. Ongeza maji yaliyosafishwa, ya dukani, yasiyo na kitu ndani. Na hicho kisima chenu cha chumvi msikiguse kwa kazi hii."

Kisha akaeleza ugonjwa wenyewe. Betri ikitoa umeme, mabamba yanashikwa na salfeti ya risasi. Ukiijaza mapema, salfeti hiyo inarudi kwenye maji. Ukiiacha na njaa siku nyingi, inaganda, inakuwa fuwele ngumu, na sehemu hiyo ya bamba haifanyi kazi tena. Kwa hiyo kilichokuwa kinaiua yetu ni kukaa wiki baada ya wiki bila kushiba hata siku moja.

Aliongeza maji ya kufunika mabamba tu, kwa kuwa betri ikichajiwa yanapanda. Vichwa vilivyoota ukungu wa kijani akavisugua kwa magadi soda na maji, akavipaka grisi. Betri ikapelekwa mashine ya kusaga, kwenye jenereta, ikachajiwa polepole, mwishoni ikapandishwa karibu na volti 15 huku mzee akipima kila seli. Seli tano zilirudi vizuri. Ya sita ilirudi nusu.

Inveta iliondoka. Televisheni ya sola inapita kwenye kontrola, na ikikata, imekata. Wifi anachaji simu mchana jua likiwa juu, jioni anafunga. Mama mkwe amenunuliwa kipima volti, naye ndiye hakimu: alfajiri, taa zote zimezimwa na jua halijagusa paneli, anasoma. Ikiwa 12.4 siku inaendelea. Ikiwa chini ya 12.2 hakuna mpira usiku huo, na shemeji habishani na mama yake.

Ikabaki ile ya lori, nyuma ya jiko. Shemeji ni mvuvi, na wavuvi wanahitaji risasi za nyavu. Nilimkuta ameshika shoka na sufuria yangu ya kupikia maharage. Hapo sikumwachia nafasi. Nilimwambia kuhusu Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kilimwaga sumu ya risasi kwenye makazi ya watu, wakaugua, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Kenya. Moshi wa kuyeyushia uani mwetu una sumu ileile, na majivu yake wangeyachezea wanangu.

Betri iliyokufa irudisheni kwa mnunuzi anayezipokea zikiwa nzima, isimame wima, vifuniko vimefungwa, asidi ikiwa ndani. Msiipasue, msiiyeyushe. Shirika la Afya Duniani limesema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaodhurika zaidi ni watoto.